Kofia Alizodaiwa Saleha

Mke wangu alikuwa akishona kofia za viua. Kwa asiyezijua: ni kofia nyeupe ya bafta, kitambaa mikunjo miwili, iliyochorwa maua kwa penseli. Mistari ya maua hutobolewa vitundu kwa sindano, na kila kitundu huzungushiwa uzi ukingoni ili kisizibe. Kitundu kimoja ndicho kiua. Kofia nzuri ina viua zaidi ya elfu moja, na mshonaji hodari huimaliza kwa miezi miwili na nusu.

Mimi nilisoma Mlimani, nikaajiriwa katika kiwanda kimoja cha kamba hapa Tanga, kitengo cha ukaguzi. Kwa miaka kumi na moja nilitazama nyuzi kwa lenzi, nikaandika zimetoka wapi, zimesokotwa vipi, zitakatika kwa uzito gani. Juni 1992 kiwanda kiliingizwa kwenye orodha ya mashirika ya kuuzwa, nasi mia mbili na arobaini tukapewa barua. Kiinua mgongo kingefuata, barua ilisema. Hakikufuata.

Mwezi wa tatu bila mshahara tuliuza redio. Mwezi wa tano, friji. Mwenye duka la pembeni alitukopesha unga na mafuta ya taa mpaka ikafika siku nikiingia dukani kwake yeye anainama chini ya meza kutafuta kitu, na anaendelea kukitafuta hadi nitoke. Kodi ya nyumba ililala miezi saba. Na bado kila asubuhi nilivaa shati la kazi, nikashika mkoba, nikapita Ngamiani nikiamkiwa. Aliyeniuliza nilimjibu kwamba nasubiri barua kutoka Dar es Salaam. Kisha nilikwenda kukaa kwenye benchi karibu na bandari mpaka adhuhuri.

Saleha akaanza kupokea fedha za kofia. Mteja hutoa nusu kabla, nusu akikabidhiwa. Ile nusu ya kwanza ndiyo tuliyokula. Nusu ya mteja wa pili ilinunua bafta ya mteja wa kwanza, na unga wa wiki. Mwisho wa mwaka 1993 alikuwa na wateja watano wanaosubiri kofia za Idd moja, na hakuna hata moja iliyofika nusu. Nilijua. Sikuwahi kumuuliza. Nilimwambia jambo moja tu.

"Usishonee barazani. Watu wataona."

"Wataona nini? Mke ana sindano?" Alicheka. "Bora waione sindano kuliko waione njaa, mume wangu."

"Si barazani, Saleha."

Alihamia chumba cha ndani, chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Alishonea humo, mlango umefungwa, mwaka mzima.

Mwaka 1994, Ramadhani ilipoanza, malaria ilimpanda kichwani. Alilala siku tatu. Alifariki tarehe nne ya mwezi, baada ya alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Hatukujaaliwa mtoto. Zaidi ya hapo sina la kusema juu ya asubuhi ile.

Majirani walichanga. Bafta ya sanda nilikwenda kuinunua mwenyewe. Kwa mazoea ya kazi nilikitazama kitambaa: ufumaji wa wastani, na kwenye ukingo mmoja ulipita uzi wa buluu, mmoja tu, kosa la kiwandani. Muuza duka akasema atanipunguzia bei kwa sababu ya uzi huo. Nikakubali. Asmahani, dada yake Saleha, ndiye aliyemwosha na kumvisha pamoja na wanawake wa mtaa. Mapande matano, kama ilivyo kwa mwanamke: mashuka mawili ya nje, ukaya wa kichwani, kanzu na shuka la kiunoni.

Kabla ya kumsalia, Mwalimu Idarusi, imamu wa msikiti wetu, alisimama mbele ya jeneza akauliza yale yanayoulizwa siku zote.

"Enyi ndugu, yupo anayemdai marehemu? Aseme sasa, au amwendee mumewe."

Hapo mume au ndugu husema: deni lake nimelibeba mimi. Maneno manne au matano. Lakini safu ya pili alisimama Haidar, aliyekuwa mhasibu wa kiwanda na bado alikuwa na kazi, kwa kuwa walibakizwa wachache wa kukabidhi mali. Nyuma yake walikuwapo wenzangu wengine. Niliwaona wote. Nikasema kwa sauti iliyosikika mpaka nje:

"Mke wangu hadaiwi na mtu."

Mwalimu Idarusi alinitazama kidogo. Hakuna aliyefungua mdomo. Nani atamtia aibu mfiwa mbele ya jeneza? Tukamzika kabla ya adhuhuri.

Siku nane baadaye, Jumatano, nilikuwa nimekaa barazani baada ya alasiri. Jua lilikuwa kali, mtaa ulinukia maandazi ya futari. Mzee Uweso, fundi baiskeli, alipita akisukuma baiskeli ya mteja. Kichwani alikuwa na kofia mpya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukushukuru. Msiba mzito namna ile, lakini hukunisahau." Akagusa kofia. "Naivaa kabla ya Idd, kichwa hakina subira."

Niliuliza kaipata wapi.

"Si umeniletea? Mwanamke kaja na buibui lake, uso kafunika, akaniwekea mapajani nikiwa naziba pancha. Nikajua ni wa nyumbani kwako. Namwambia ahsante, bibi, hata hajibu. Mikono ina udongo, nikasema huyu katoka shamba."

Niliiomba kofia niitazame. Ilikuwa imekamilika. Saleha alikuwa wa mkono wa kushoto, na uzi wake ulizunguka kiua kinyume na uzi wa washonaji wengine. Huu nao ulizunguka kinyume.

Nilimrudishia, nikaenda kwa Asmahani.

"Wewe ndiye unamalizia kofia za Saleha?"

"Mie?" Asmahani aliacha kukuna nazi. "Shemeji, mie kifungo cha shati kinanishinda. Mume wangu alipokuwa hai akichanika suruali anampelekea Saleha. Nani kakwambia?"

Nilimwambia. Akanawa mikono. Tulirudi pamoja, tukafungua sanduku la Saleha chumba cha ndani. Vilikuwamo vipande vya kofia vilivyoanzwa, kila kimoja kimefungwa na kikaratasi chenye jina la mteja. Shaame. Idarusi. Sele. Haidar. Cha Uweso hakikuwamo.

Kijaluba cha uzi kilikuwa kitupu. Kilikuwa kitupu tangu kabla hajaugua. Fedha ya uzi ilikuwa imeliwa.

Nilijipa maelezo. Huenda mshonaji mwenzake alichukua kazi akaimaliza kwa huruma. Huenda na yeye ni wa mkono wa kushoto. Nilifunga sanduku kwa kufuli, ufunguo nikautia mfukoni.

Siku nne zikapita. Jumapili, saa kumi alasiri, Shaame alinijia. Alikuwa Mpemba, muuza karafuu na dagaa, mtu wa maneno mengi. Siku ile hakuwa nayo.

"Hebu nambie, bwana. Mkeo tulimzika, sivyo?"

"Tulimzika."

"Mie n'liingia kaburini. N'lipokea kichwa." Akatoa kofia kwenye mfuko wa karatasi, akaiweka juu ya baraza, si mkononi mwangu. "Basi kaja dukani. Kafunika uso, lakini ile sauti ya pumzi ya kushona, ile anayovuta uzi kwa meno... Mke wangu kakaa naye miaka. Kaijua. Kaanguka."

"Alisema nini?"

"Hajasema kitu. Kaweka, kaondoka. Nilimtazama mpaka pale kona. Buibui lilikuwa jepesi, bwana. Upepo ukilipiga, linalala kama halina kitu ndani."

Alikataa kuichukua tena. Nilikwenda kwenye sanduku. Kufuli lilikuwa lilivyo. Ndani, kipande cha Shaame hakikuwamo.

Usiku huo sikutoka. Mchana uliofuata nilikaa na ile kofia na lenzi yangu ya zamani, nikafanya nilichofundishwa kufanya. Nilivuta ncha ya uzi kutoka upande wa ndani. Uzi wa kudarizi unaouzwa dukani umenyooka, umesokotwa nyuzi mbili au tatu. Huu ulikuwa wa uzi mmoja, na ulikuwa na mawimbi. Mawimbi madogo, sawasawa, mwanzo mpaka mwisho. Uzi hupata umbo hilo kwa sababu moja tu. Umekaa ndani ya kitambaa, ukipanda na kushuka juu ya wenzake. Umechomolewa kwenye kitambaa kilichofumwa.

Nilijua ni kitambaa gani. Sikujiambia.

Alhamisi, tarehe ishirini ya Ramadhani, Mwalimu Idarusi alikuja na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Asmahani alikuwapo, ameniletea uji wa futari. Mwalimu alifungua gazeti taratibu.

"Nawe pia, Mwalimu?" nilisema.

"Nami pia. Nilitoa nusu mwezi wa Rajabu."

"Siku ya jeneza ulisimama ukauliza nani anamdai. Wewe mwenyewe ulikuwa unamdai."

"Nilikuwa nikikusubiri wewe useme." Hakunilaumu kwa sauti. "Wewe ukasema hadaiwi. Ningefanya nini? Nikufedheheshe?"

Kofia yake ilikuwa nzuri kuliko zote. Maua yake yalizunguka mara tatu. Na katika mzunguko wa chini, viua vyote, kimoja baada ya kingine, vilishonwa kwa uzi wa buluu.

Asmahani aliushika mlango.

"Ule ukingo," alinong'ona. "Niliuona nikimvisha. Niliugeuzia ndani usionekane."

Nje mtu alikuwa akiuza ndizi kwa sauti. Asmahani alianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikitikisika.

"Uweso, shuka la nje. Shaame, la pili. Mwalimu... huu uzi wa buluu ulikuwa kwenye ukaya. Nilimfunika kichwa nao." Akashika kichwa chake mwenyewe. "Zimebaki kofia ngapi?"

"Mbili. Sele na Haidar."

"Yamebaki mapande mawili."

Saleha hakuwahi kutoka nje bila buibui. Hata shemeji zake hawakupata kuona nywele zake. Alikuwa akioga, akiita kutoka bafuni nimpe khanga, na mimi mumewe aliniambia nigeuze uso.

"Huenda ni shetani tu," nilisema. "Anayejifanya yeye."

"Mwezi huu?" Asmahani alinitazama kana kwamba mimi ndiye sijasoma. "Mashetani wamefungwa mwezi huu, shemeji. Mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo. Huyu ni dada yangu. Anajivua nguo kulipa ulichokula."

Mwalimu hakumkanya.

"Nifanye nini?" nilimuuliza. "Nakuambia wewe hapa sasa hivi. Deni lake nimelibeba."

"Hukukana mbele yangu peke yangu. Ulikana mbele ya watu, na yeye amelala anasikia. Utasema mbele ya watu hao hao. Kesho ni Ijumaa." Akasimama. Mlangoni akageuka. "Zimekuwa zikija siku nne nne. Usichelewe."

Sikulala, wala hapana kilichotokea. Niliogopa Ijumaa zaidi ya nilivyomwogopa mfu. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli. Nilipanga maneno mengine: kwamba Saleha alishona kwa kupenda, kwamba fedha ya kiwanda iko njiani. Alfajiri nilifungua sanduku. Kipande cha Sele kilikuwa kimeondoka, siku tatu kabla ya wakati wake.

Alikuwa ameanza kukimbilia Idd.

Msikiti ulijaa. Baada ya swala Mwalimu aliwaomba watu wakae. Nilisimama. Haidar alikuwa safu ya mbele, kanzu yake imepigwa pasi.

"Tarehe nne niliwaambia mke wangu hadaiwi," nilisema. "Nilisema uongo. Sina kazi mwaka wa pili sasa. Hakuna barua ninayoisubiri. Mke wangu ndiye aliyenilisha, kwa fedha za kofia, nami nilimficha chumbani ili msijue. Watu watano walimpa nusu. Deni lao silo lake. Ni langu, duniani na akhera. Naomba mlichukue kwangu. Mwacheni yeye."

Kisha Sele, muuza kahawa, akasema kutoka nyuma:

"Mie nilitoa nusu. Lakini ukinishonea wewe, fundi, nitavaa sufuria."

Watu wakacheka, kile kicheko cha kutoa pumzi. Hata mimi. Haidar alisimama. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi nilimwambia asihangaike, kofia sina haja nayo, ile fedha ni ya kununulia chakula. Akanirudishia pale pale. Akasema, mume wangu hali sadaka. Chukua kofia au chukua fedha yako. Nikachagua kofia."

"Nami nimekwisha lipwa," alisema Mzee Uweso. "Yangu hii hapa." Akaivua kofia kichwani kuwaonyesha. Akaigeuza. Akaipitisha mikononi, mara mbili. "Mbona nyepesi?"

Aliinua juu, kwenye mwanga wa dirisha.

Maua yote yalikuwapo. Vitundu vyote vilikuwapo, safi, duara kamili. Uzi haukuwamo. Hata mmoja. Watu walitazama juu ya mkeka, wakakung'uta kanzu zao. Hapakuwa na hata kipande. Mzee Uweso alikuwa ameivaa kofia ile dakika ishirini zilizopita, akasujudu nayo, na bibi yake aliisifu alipotoka nyumbani.

Ya Shaame niliikuta hivyo hivyo, juu ya meza nilipoiacha. Ya Mwalimu hivyo hivyo ndani ya gazeti. Katika sanduku kipande cha Sele kilikuwa kimerudi chini ya kile cha Haidar. Kilikuwa na unyevu, na kimetobolewa hadi nusu.

Yule mwanamke hakuja tena mtaani. Idd ikapita.

Nilijifunza kushona. Nilishonea barazani, mchana, mbele ya kila mpita njia. Wakanitania, kisha wakazoea. Nilipitisha uzi wa dukani kwenye vitundu alivyovitoboa yeye. Kofia tano zilinichukua miaka miwili na miezi minne, na kati yake nilibeba magunia sokoni kulipa kodi na unga. Ya mwisho ilikuwa ya Sele. Aliivaa, akajitazama kwenye birika lake la kahawa, akasema: "Si mbaya. Imepinda, lakini si mbaya."

Siku hiyo Mwalimu Idarusi aliniambia jambo alilokuwa amelificha. Kofia yake ilipoletwa ilikuwa na ncha ya uzi inayoning'inia, kama shubiri moja. Mkewe aliikata, akaitupa motoni. Kilichorudi kwa Saleha kimerudi pungufu.

Nikanunua bafta mita mbili na nusu. Tarehe nne ya Ramadhani iliyofuata niliitandika juu ya sanduku chumba cha ndani, nikafunga mlango. Asubuhi uzi mmoja ulikuwa umechomolewa kutoka pindo hadi pindo. Palibaki mstari mwembamba wa kupitisha mwanga. Nimefanya hivyo kila mwaka tangu hapo, kitambaa kipya kila mwaka, na kila mwaka uzi ni mmoja, mita mbili na nusu kamili. Sijui anauhitaji wa nini tena. Shubiri moja ilikwisha lipwa zamani. Sijauliza, maana ningeuliza huenda ungekoma.

Mwaka huu nilifungua mlango, nikakiinua kitambaa dirishani. Mstari ulianzia kwenye pindo kama kawaida. Haukufika mwisho. Niliutazama kwa lenzi mahali ulipokoma. Uzi haukukatwa, wala haukukatika. Upande mmoja haupo, upande wa pili upo, umelala ndani ya wenzake kama haujawahi kuguswa.

Nikaupima mstari kwa rula ya chuma, mara tatu. Sentimita mia moja sabini na moja.

Kisha nikavua viatu, nikasimama wima ukutani, nikaweka alama ya penseli juu ya kichwa changu, nikapima kutoka sakafuni, kama apimwavyo maiti kukatiwa sanda. Namba ilikuwa ile ile.